Kukariri, Kuhifadhi na Kughani: Jibu kwa Mwalimu wa Mtunda

Mwalimu mmoja wa Kiswahili anayefundisha katika kata ya Mtunda, wilaya ya Kibiti, ametuletea barua ya kurasa nne juu ya neno moja. Tumezoea kupokea maswali ya namna hiyo kutoka viwandani, mahakamani na hospitalini, ambako watu huhangaika na majina ya mitambo na ya maradhi; ni mara chache tunaulizwa juu ya neno ambalo kila mtu anadhani analijua. Neno lenyewe ni kukariri. Kwa kuwa jambo alilolieleza mwalimu huyu halihusu shule yake pekee, na kwa kuwa limemwumiza mtoto, tumeona vema tulijibu hapa mbele ya wasomaji wetu wote badala ya kumpelekea jibu la faragha.

Kisa ni hiki. Shule ilipata tangazo la mashindano ya wanafunzi, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa ndani yake moja liliandikwa hivi: "Kukariri shairi, dakika nne." Hapakuwa na maelezo zaidi. Msichana wa kidato cha pili akachaguliwa kuiwakilisha shule, akajiandaa kwa majuma matano. Siku ilipofika alisimama akalitoa shairi lake lote bila ya kutazama karatasi, kwa mahadhi aliyoyapokea kwa babu yake, wala hakusahau hata kipande kimoja. Waamuzi wawili walimpa alama za juu. Wa tatu alimkata alama nyingi, akaandika pembeni mwa karatasi: "Ameimba, hakukariri." Ushindi ukaenda kwa mwanafunzi mwingine aliyelisema shairi lake kwa sauti iliyonyooka, mithili ya mtu anayesoma orodha ya mahudhurio. Mwalimu anatueleza kuwa tangu siku hiyo msichana huyo amekataa kusimama tena mbele ya watu, na kila anapoulizwa sababu hujibu kwa swali: "Mwalimu, nilikosea nini?" Mwalimu hakuwa na jibu, ndipo akashika kalamu.

Barua ina na jambo dogo la kuchekesha ambalo hatuwezi kuliacha, maana lina mafunzo kuliko linavyoonekana. Bibi yake mtoto, alipoambiwa kwamba mjukuu wake amechaguliwa kwenda kukariri, alishika tama. "Mjukuu wangu," akasema, "si uliniambia umefaulu? Basi imekuwaje wakukaririshe tena?" Bibi huyo hakukosea Kiswahili. Yeye alikuwa na maana yake ya neno, na maana hiyo ni halali.

Tuanzie hapo. Kukariri ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kurudia jambo, kulifanya mara ya pili na ya tatu. Maana hiyo bado imo katika Kiswahili chetu bila kasoro: msemaji hukariri hoja yake, mwanafunzi aliyeshindwa mtihani hukariri darasa. Kutokana na kurudia huko ikazaliwa maana ya pili. Mtu akirudia maneno mara nyingi hukaa kichwani, kwa hiyo kukariri kukawa ni kuyatia maneno akilini. Maana hii nayo, katika vinywa vya walimu wetu, imepata doa. Mwalimu wa sayansi akisema, "Huyu anakariri tu," hamsifu mtoto; anasema kwamba ameshika maneno bila ya kushika maana. Kisha ipo maana ya tatu, ya kulitoa mbele ya hadhira shairi lililokwisha kukaa kichwani. Maana hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa katika akili ya mwandishi wa tangazo, ingawa hakuiandika.

Sasa tazama lililotokea. Bibi alisikia maana ya kwanza. Mwamuzi wa tatu, kwa kadiri tunavyoweza kukisia, alishika maana ya pili: kwake yeye kilichopimwa ni kumbukumbu, na mahadhi ni pambo lililoongezwa pasipo kuombwa. Msichana na mwalimu wake walishika maana ya tatu. Watu wote hao wamesema Kiswahili fasaha, na bado hawakuelewana. Sisi tunaofanya kazi ya istilahi tunaujua ugonjwa huu, kwani ndio unaotupa ajira: neno moja limebebeshwa mizigo mitatu, na mizigo miwili kati yake ina majina yake mengine ambayo yamekaa bure.

Kwa kazi ya kuyatia maneno akilini tunalo neno kuhifadhi. Neno hili halihitaji kufundishwa Mtunda wala mahali pengine popote pwani. Mtoto aliyepita chuoni anajua kuhifadhi sura za Kurani ni nini, na anajua pia kwamba kuhifadhi si jambo la kudharauliwa. Tunalo na neno la kueleza hali ya kutoa kilichohifadhiwa: kusoma kwa ghibu, yaani pasipo kitabu mbele ya macho. Ghibu asili yake ni kutokuwapo kwa kitu, na kitu kisichokuwapo hapa ni maandishi. Ni neno zuri, fupi, na linasikitisha kwamba shuleni limesahaulika hata walimu wakalazimika kusema "kusoma bila kuangalia".

Kwa kazi ya kulitoa shairi mbele ya watu, mambo si mepesi hivyo, maana hapa hatuna upungufu wa maneno bali wingi wake: kusoma, kusema, kuimba, kughani. Hata ofisini kwetu tulibishana.

Mwenzetu mmoja alishikilia kuwa kuimba kunatosha. Hoja yake ilikuwa na uzito. Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotolewa mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi na wimbo ni kitu kimoja, na kwamba shairi lisiloimbika lina kasoro. Wazee wengi wa pwani watakubaliana naye mpaka leo. Kwao mizani haihesabiwi kwa vidole. Huhesabiwa kwa sauti, na mstari uliopungukiwa hujulikana kwa kuwa mahadhi yamekwama. Mwenzetu akauliza, ikiwa ndivyo, kwa nini tumkataze mtu kusema kuwa msichana wa Mtunda aliimba, na kwamba kuimba ndiko kulikotakiwa?

Tulimjibu hivi. Kuimba ni neno pana mno. Kwaya huimba, bendi huimba, watoto huimba wakiruka kamba. Katika kuimba, mara nyingi sauti ni bwana na maneno ni mtumishi: mwimbaji anaweza kulivuta neno mpaka lisitambulikane, na msikilizaji asilalamike, madhali ngoma inapendeza. Anayelitoa shairi mbele ya watu hana ruhusa hiyo. Kwake mahadhi yapo, lakini yapo ili maneno yafike. Tofauti hii si yetu sisi. M. M. Mulokozi, alipoainisha tanzu za fasihi simulizi mwaka 1989, aliugawa ushairi akaweka nyimbo upande mmoja na maghani upande mwingine, na neno maghani limeingia katika vitabu vya shule. Kughani nako kumetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni kuimba tu. Ila Kiswahili, kama kawaida yake, kimelichukua neno la mgeni na kulipa kazi kilichokuwa na haja nayo. Anayeghani yuko kati ya anayesema na anayeimba. Sauti yake ina kupanda na kushuka kunakojulikana, pengine bila ya chombo, na kila silabi husikika.

Ama kusoma, pwani kuna ladha ambayo wageni wengi hawaifahamu. Watu husema kusoma maulidi, wala si kuimba maulidi, ingawa sauti za wasomaji hupanda na kushuka kwa mahadhi yanayofahamika. Kadhalika utenzi husomwa. Kwa hiyo mzee wa Rufiji akisema, "Mtoto huyu amesoma vizuri," huenda hakumwona na karatasi kabisa. Matumizi haya tunayapenda na hatutaki yafe, lakini katika tangazo la shule kusoma kutaeleweka kuwa ni kutazama maandishi, na hatuoni njia ya kulizuia hilo.

Basi tukakubaliana juu ya kughani, na mwenzetu naye akaridhika nusu. Nusu iliyobaki alisema ataitunza mpaka atakapomsikia mtu wa Mtunda akilitumia neno hilo nyumbani kwake.

Tumekwisha kulieleza neno. Lakini mwalimu ameuliza na swali la pili, nalo ni refu kuliko la kwanza: mwanafunzi alichague vipi shairi la kughani, na alitayarishe vipi? Swali hili si la istilahi tu, ila tumegundua kwamba haliwezi kujibiwa bila ya istilahi, kwa sababu kila kosa analoweza kulifanya mghani lina jina lake katika arudhi yetu, na anayelijua jina huliona kosa mapema.

Barua inasema msichana alipewa vitabu vitatu achague. Cha kwanza kilikuwa na Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama kwa ajili ya binti yake. Mwalimu aliona unamfaa mtoto wa kike. Sisi tunaona hoja hiyo haikutimia, kwa kuwa sauti inayosema katika utenzi ule ni ya mama mgonjwa anayeusia, si ya binti anayeusiwa. Mtoto wa miaka kumi na mitano anaweza kuighani, lakini ajue kwamba anavaa kanga ya mtu mzima. Kilichomshinda, hata hivyo, hakikuwa hicho, bali Kiamu. Maneno mengi hakuyajua, na akamwuliza mwalimu kama anaweza kuyabadili yawe ya Kiswahili Sanifu.

Hapa tunataka kusema wazi, maana tunajua watu wanatuhesabu kuwa ni maaskari wa usanifu: asiyabadili. Mshairi wa Mombasa au wa Lamu aliyeandika mato hakuwa amekosea kuandika macho, na aliyeandika ndia hakuwa akitafuta njia. Mbali na heshima ya mtunzi, kuna hasara ya papo hapo. Ndia na njia zina mizani mbili kila moja, kwa hiyo ndani ya mstari hesabu haitaharibika. Lakini neno mato likiwa mwishoni mwa kipande, kina chake ni -to, na vipande vya chini yake vimefungwa kwa -to vyote. Ukiweka macho, ubeti mzima unatoka sare. Mwanafunzi asiyeijua lahaja ya shairi ana njia mbili za halali: ajifunze maneno yale pamoja na maana zake, au achague shairi jingine.

Kitabu cha pili kilikuwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974 na kuzusha mabishano makali baina ya waliotaka vina na mizani na waliosema kwamba ushairi hauishi ndani ya sanduku. Wakati ule neno guni, ambalo ni jina la shairi lililovunja kanuni, lilirushwa kama jiwe. Hatukusudii kuyafufua mabishano hayo. Kwa mghani, shairi huru si rahisi kuliko la kimapokeo, kama vijana wengi wanavyodhani, bali ni gumu zaidi. Shairi lenye vipande vya mizani nane humwonyesha mtu mahali pa kupumua. Shairi huru humwachia apatafute mwenyewe kwa kufuata maana. Msichana aliandika kwa mwalimu wake maneno ambayo tumeyapenda: kwamba hakujua "pa kutua". Akalirudisha.

Akachukua shairi la Shaaban Robert, la mizani kumi na sita, la mistari minne kila ubeti. Tunadhani alichagua vema, na sababu zake, kama barua inavyozieleza, zilikuwa nzuri kuliko ambazo watu wazima wengi wangezitoa. Kwanza, alilielewa lote isipokuwa maneno manne, na manne hayo aliyauliza. Pili, mahadhi ya babu yake yalilikubali. Maana si kila mahadhi hukubali kila shairi, hata kama hesabu ya mizani ni moja, na mahadhi ya harusini hayafai kwa maombolezo. Tatu, alitaka kusema maneno hayo. Sababu hii ya tatu haimo katika kitabu chochote cha arudhi.

Ikaja taabu ya urefu. Ubeti wa namna hiyo una mizani sitini na nne, na ukighaniwa kwa utulivu, pamoja na vituo vyake, huchukua kiasi cha nusu dakika. Dakika nne ni beti nane, na mtu mwenye busara ataandaa saba, kwa kuwa mbele ya watu hofu humwongeza mtu mbio mwanzoni na kumpunguzia pumzi mwishoni. Shairi lilikuwa na beti nyingi zaidi ya hizo. Je, inaruhusiwa kupunguza? Tunaona inaruhusiwa kwa masharti. Mghani aseme kabla ya kuanza kwamba ataghani beti kadhaa tu. Asikate katikati ya hoja. Na kama kuna ubeti wa kaditama, asiuache. Neno hilo ni Kiarabu chenye maana kwamba jambo limekwisha kutimia, na washairi wetu hulitumia kufungia. Mara nyingi humo ndimo mtunzi anamotaja jina lake na mji wake. Kuikata kaditama ni kumfukuza mwenye nyumba nyumbani kwake. (Nyumba, kwa hakika, ndiyo maana ya asili ya neno ubeti, Waarabu walikuwa wakiuita hivyo mstari mmoja wenye pande mbili, sisi tukajenga nyumba kubwa zaidi.)

Tuingie katika matayarisho yenyewe. Mstari wa shairi la kawaida una pande mbili, ukwapi na utao, mizani nane kwa nane, na kila upande una kina chake. Ili tueleze makosa bila ya kugusa shairi la mtu, tumetunga mstari wetu wa mfano, usio na thamani nyingine yoyote:

Maji yakijaa pwani, mpunga haulindiki.

Msomaji auhesabu. Ma-ji-ya-ki-ja-a-pwa-ni: nane. M-pu-nga-ha-u-li-ndi-ki: nane. Sasa ausikilize kama utakavyotolewa na mwanafunzi mwenye haraka. Katika ukwapi, irabu mbili za yakijaa zitameza moja, litasikika yakija. Mizani imepungua ikawa saba, mahadhi yamekwama. Lakini si hesabu tu iliyoharibika. Maji kuja na maji kujaa ni mambo mawili, na mtu wa delta ya Rufiji hahitaji kuelezwa tofauti yake: maji huja kila siku, yakijaa ndipo chumvi inapoingia mashambani. Katika utao, ile m ya mpunga ni silabi kamili, nayo yadai muda wake sawa na silabi nyingine. Wengi huitoa kwa kuifumba haraka ikashikamana na pu, na wengine, kwa kutaka kuisikizisha, huitia irabu wakasema mupunga. Wa kwanza wamepoteza mizani, wa pili wamepata neno lisilo lao.

Kosa jingine lahusu l na r. Lugha za nyumbani za wakazi wengi wa sehemu hizo ni Kindengereko na Kirufiji, na kwingineko nchini watoto wana lugha zao. Zipo nyingi kati ya lugha zetu ambazo hazitenganishi sauti hizi mbili kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Katika mazungumzo jambo hilo halidhuru sana, kwani muktadha hutusaidia. Katika shairi ni hasara mara mbili. Kalamu ikawa karamu, mahali pakawa mahari, na kina cha -ra kikaanguka katikati ya vina vya -la. Tunamshauri mwalimu asimkaripie mtoto wala asimwambie kuwa lugha ya nyumbani kwao ni mbaya. Amwandikie maneno yenye sauti hizo pembeni mwa karatasi, kumi au kumi na mawili tu yaliyomo katika shairi lake, ayazoeze kinywa.

Kisha kuna pumzi. Mshairi wa kale alijenga kipande cha mizani nane kikalingana na pumzi ya mtu, na ndiyo sababu mwisho wa utao watu hutua pasipo kufundishwa. Hatari ni kutua kila mahali kwa kipimo kilekile mpaka shairi likawa saa ya ukutani. Washairi wana jina mishata kwa mistari ambayo maana yake haikukamilika, inayoning'inia na kusubiri mstari wa chini yake. Mghani akikutana na mshata asishushe sauti; aiache juu, ameguse kituo kwa wepesi, apite. Msikilizaji atajua kwamba neno linakuja. Hili pekee, likishikwa vizuri, humtenga mtu aliyelielewa shairi na yule ambaye, kwa maana ya pili ya neno letu, amelikariri.

Mstari wa mwisho wa ubeti, tunaouita kituo, una shida yake. Ukiwa unabadilika kila ubeti, huitwa kimalizio au kiishio, na kazi yake ni kufunga. Ukiwa unarudi uleule, ndicho kibwagizo, ambacho hadhira ina haki ya kukipokea. Msichana wa Mtunda alikuwa na shairi la kibwagizo, na mwalimu anaandika kwamba katika ubeti wa tatu watu walianza kumpokea. Huenda hapo ndipo mwamuzi wa tatu alipoona kwamba mambo yamekuwa wimbo. Sisi tunaona hapo ndipo mambo yalipokuwa shairi. Wale wanaokumbuka ngonjera zilivyoenea mashuleni, baada ya Mwalimu Nyerere kuwataka washairi mwaka 1968 walieneze Azimio la Arusha, na baada ya kutoka kwa vitabu vya Mathias Mnyampala vya ngonjera za UKUTA, watakumbuka pia kwamba uwanja mzima ulikuwa ukijibu.

Mazoezi yake aliyafanyia wapi? Barua inasema dunguni. Kwa wasomaji wasiokuwa wa mabondeni, dungu ni kichanja kirefu kinachojengwa shambani, na aliyekaa juu yake huwa na kazi ya kuamia ndege wasile mpunga. Majuma yale yalikuwa ya kuamia. Asubuhi kabla ya shule na siku za mapumziko alikaa juu na karatasi yake, akapiga kelele kwa ndege, akarudi kwenye ubeti, akapiga kelele tena. Tulicheka tuliposoma, kisha tukaona kwamba hakuna darasa lingeweza kumpa zoezi bora. Sauti inayotoka dunguni yabidi ifike ng'ambo ya shamba bila ya kupasuka, na maneno yabidi yabaki maneno. Siku ya mashindano palikuwa na kipaza sauti, nacho kiliharibika baada ya washindani wawili. Yeye peke yake, kwa ushuhuda wa mwalimu, alisikika mpaka nyuma.

Mwalimu ni mkweli, ametueleza na kasoro zake. Ubeti wa kwanza aliuendesha mbio. Mahali pawili alimeza irabu, kwa namna ile tuliyoieleza katika mfano wetu. Mikono hakujua pa kuiweka, akaikunja nyuma kama aliye gwaride. Mwamuzi angeweza kumkata alama kwa mambo hayo yote, na kama angefanya hivyo tusingekuwa na la kusema. Lakini kukatwa alama kwa kughani vizuri, kwa sababu tangazo lilitumia neno lenye maana tatu, ni jambo ambalo lawama yake haimwendei mtoto. Wala hatumtupii mwamuzi lawama yote. Alipewa neno, akalishika kwa upande alioujua. Aliyeandika tangazo hakukusudia ubaya. Yaelekea alinakili tangazo la mwaka uliotangulia, na la mwaka uliotangulia nalo lilinakiliwa. Na sisi tunaochapa orodha za istilahi za uhandisi na za mabenki hatukuwahi kukaa tukaandika mistari mitatu juu ya neno hili.

Mistari hiyo tunaiandika sasa, kama pendekezo, mpaka litakapojadiliwa na wenye mamlaka ya kusanifu. Kuhifadhi shairi: kulitia akilini. Kulitoa kwa ghibu: kulitoa pasipo maandishi. Kughani shairi: kulitoa mbele ya hadhira kwa mahadhi, maneno yakisikika yote. Kusema shairi: kulitoa pasipo mahadhi, kwa sauti ya mazungumzo inayofuata maana, namna hii inafaa zaidi kwa mashairi huru, na si duni kuliko ile. Anayeghani aitwe mghani, na mtunzi abaki mtunzi, ingawa tunajua kwamba neno malenga limekuwa likiwabeba wote wawili kwa miaka mingi na litaendelea kuwabeba. Kukariri tunapendekeza kuachwe katika maana yake ya kurudia, ambayo bibi wa Mtunda aliijua tangu mwanzo.

Kwa hiyo tangazo lingeandikwa hivi: "Kughani au kusema shairi kwa ghibu, dakika nne. Mshindani achague namna moja na kuitaja kabla ya kuanza. Atapimwa kwa usahihi wa maneno, usikikaji wa mizani na vina, utuaji unaofuata maana, na ulinganifu wa mahadhi na shairi kwa anayeghani." Ni maneno mengi kuliko yale manne ya kwanza, na karatasi ni ghali, bado ni nafuu.

Kwa swali la mwanafunzi, ambalo mwalimu ametuomba tulijibu kwa maneno yanayoweza kusomwa darasani, tumeandika hivi: Binti, ulitakiwa kulitoa shairi kwa ghibu, ukalitoa. Kulighani hukukatazwa. Ubeti wa kwanza punguza mwendo, na irabu zinazofuatana zipe kila moja nafasi yake. Mahadhi ya babu yako usiyabadili.

Mwalimu ameahidi kutuarifu kama atakubali kusimama tena. Wakati huohuo tunawaomba walimu wa Bungu, Mchukwi, Ikwiriri na Utete, na wa kwingineko, watuandikie ni neno gani wazee wao hulitumia kwa mtu anayelitoa shairi mbele ya watu; kama lipo jingine lililo bora kuliko mghani, tutalichapa katika toleo lijalo pamoja na mahali lilikotoka.